Dinosaria wa Tendaguru Kwenye Baraza la Ng'ambo: Tunavyocheza na Wanyama Wakubwa Bila Dadu

  

Leo sina habari ya msanii gani kaachana na nani. Leo nawaletea kitu ambacho kimenishika mwaka mzima huu, na najua kuna watu watacheka. Cheka tu, ila soma mpaka mwisho.

Kila Jumapili baada ya chakula cha mchana tunakaa watu wanne kwenye baraza moja hapa Ng'ambo, Tabora mjini, tunacheza mchezo wa kuigiza wa mezani. Kwa asiyeujua: mmoja ni msimulizi, wengine kila mtu ana mhusika wake. Msimulizi anasema mpo wapi na mbele yenu kuna nini, nyie mnasema mnafanya nini, halafu namba ya bahati ndiyo inaamua kama umeweza au umeshindwa. Hakuna televisheni, hakuna bando linaloisha. Mchezo wa kwanza maarufu wa aina hii, Dungeons & Dragons, ulitoka Marekani mwaka 1974, na tangu Januari 2023 sehemu kubwa ya kanuni zake imeachiwa bure, mtu yeyote anaruhusiwa kuzitumia na kuzibadilisha. Mimi nilizipata kwenye simu, nikazisoma kwa Kiingereza changu cha kidato cha nne, nikazigeuza Kiswahili kwenye daftari la kurasa mia mbili.

Mezani kwetu kuna dada mmoja fundi cherehani, kuna kijana wa kidato cha pili ambaye baraza ni la mama yake, kuna kaka yetu mkubwa ambaye ni kuli, anapakia na kushusha mizigo kwenye malori, na mimi msimulizi. Majina siyataji, wenyewe wameomba hivyo.

Mnyama akiwa namba tu, anachosha

Kwenye zile kanuni za bure za 2023 kuna dinosaria watatu tu. Kuna Tyrannosaurus, huyu wa kwenye filamu mwenye kichwa kikubwa na vimikono vya kuchekesha, ana pointi za uhai 136. Kuna Triceratops mwenye pembe tatu, 95. Na kuna Plesiosaurus wa majini. Tembo naye yupo, ana 76, na mamba mkubwa ana 85.

Sasa angalia kinachotokea. Mkikutana na mnyama wa pointi 136, kila mtu anampiga, unapunguza. 120. 97. 60. Yaani anakuwa kama vocha, mnakwangua mpaka inaisha. Ukimaliza unauliza, "Haya, anayefuata?" Ukubwa wote wa yule mnyama umeishia kwenye kutoa na kujumlisha. Mtu aliyewahi kumwona tembo akivuka barabara kule Ugalla anajua kwamba pale hakuna anayewaza kutoa na kujumlisha. Unazima pikipiki, unanyamaza, unaomba Mungu.

Dada fundi ndiye aliyeuliza swali lililobadilisha kila kitu. Aliuliza, "Huyu Tairano aliishi wapi?" Nikamwambia Amerika Kaskazini. Akasema, "Kwa hiyo tumetoka Tabora, tumepanda ndege, tumeenda kumpiga mjusi wa watu. Kwetu hakukuwa na wa kwetu?"

Walikuwepo wadau. Tena kwa wingi.

Wa kwetu wapo, na wengine wana majina ya Kiswahili

Mkoa wa Lindi kuna kilima kinaitwa Tendaguru. Kati ya mwaka 1909 na 1913, wakati nchi iko chini ya Wajerumani, walichimba pale mifupa ya dinosaria wa miaka kama milioni 150 iliyopita. Mzigo wote uliosafirishwa kwenda Berlin ulizidi tani 200. Mmoja wao leo amesimama kwenye jumba la makumbusho la Berlin, alisimamishwa mara ya kwanza 1937, na urefu wake kutoka chini mpaka kichwani ni mita 13.27. Wataalamu wanamwita Giraffatitan, kwa sababu miguu ya mbele ni mirefu kuliko ya nyuma na shingo imepanda juu kama ya twiga. Ghorofa la tatu angekuchungulia dirishani akiwa ameinama.

Halafu kitu cha kushangaza: yule Tyrannosaurus aliishi kama miaka milioni 66 iliyopita. Ukipiga hesabu, yeye yupo karibu na mimi na wewe kuliko alivyo karibu na huyu mrefu wa Tendaguru. Kwa hiyo filamu inayowaweka pamoja ni sawa na filamu ya Mtemi Mirambo akiwa na simu ya tachi.

Pale pale Tendaguru alikuwepo Kentrosaurus, ana urefu wa kama mita tano hivi, mabamba mgongoni na miiba mirefu kuelekea mkiani. Kusini magharibi, bonde la Rukwa, alipatikana Pakasuchus, jamaa wa mamba lakini mdogo kama paka, na meno ya kutafuna kama ya wanyama wanaonyonyesha. Hiyo "paka" kwenye jina lake ni paka huyu huyu wetu. Na mwaka 2019 akatangazwa mwingine wa huko huko Rukwa, jina lake Mnyamawamtuka moyowamkia. Soma tena pole pole: mnyama wa Mtuka, moyo wa mkia. Mtuka ni mto, na mfupa mmoja wa mkia wake una umbo kama moyo. Jina la kisayansi, Kiswahili kitupu! Kila profesa duniani anayetaka kumtaja inabidi atamke kama mtu wa Sumbawanga.

Mimi nilipowasomea jina hilo, kijana wetu wa kidato cha pili alilirudia mara tatu, halafu akaliandika kwenye jalada la daftari lake la baiolojia.

Kanuni yetu: mnyama haanzi na pointi, anaanza na anachotaka

Nikafuta namba zote. Kila mnyama nikamwandikia mistari mitatu: anataka nini, anaona na kusikia vipi, na mahali gani usisimame. Pointi za uhai zikaja mwisho, na wengine hawana kabisa.

Mrefu wa Tendaguru hana pointi. Hamuwezi kumuua, na yeye hana habari na nyie. Anataka majani ya juu, basi. Kila zamu anapiga hatua moja, na aliye chini ya hatua hiyo ana shida. Yeye ni kama mvua ya masika: hupigani nayo, unatafuta pa kukaa. Siku ya kwanza nilipomleta, mhusika wa dada alipanda juu ya mti kumkimbia, kumbe mti ndio chakula chenyewe. Tulicheka mpaka jirani akaja kuuliza kuna nini.

Kentrosaurus ni mdogo kwake lakini ndiye anayeogopwa mezani. Kanuni yake ni ya mkia. Mbele yake uko salama kiasi, ubavuni unajiuliza, nyuma usiende. Anageuka haraka, na mkia ukizunguka unafagia wote waliosimama pamoja. Kwa hiyo wachezaji wamejifunza kutawanyika.

Mamba nilimtoa kwenye zile 85 nikamfanya kama Gustave, yule mamba wa Burundi anayesemwa mto Rusizi na upande wa kaskazini wa Ziwa Tanganyika, ambaye walijaribu kumnasa wakashindwa. Kanuni yake: hayupo. Msimulizi haruhusiwi kumtaja. Wachezaji wanaona maji tu, na kila wanaporudi kuchota maji hatari inaongezeka. Hofu yote ipo kwenye ndoo.

Na tembo nao tuna wetu wa kihistoria. Mwaka 1879 mfalme Leopold wa Ubelgiji aliwaleta tembo wanne kutoka India, wakashushwa Msasani, ili wajaribiwe kubeba mizigo kwenda bara maana ng'ombe na punda walikuwa wanauawa na mbung'o. Ni mmoja tu aliyefika Karema kwenye Ziwa Tanganyika, naye hakuishi sana. Kwenye mchezo wetu ukiwa na tembo una nguvu, sawa, lakini kila siku lazima umtafutie chakula na maji kabla ya kujitafutia wewe. Mnyama mkubwa ni msaada na ni mzigo hapo hapo.

Suala la dadu

Hapa ndipo mchezo ulikaribia kufa.

Mama mwenye baraza alitoka ndani siku moja akatukuta na dadu. Hakugomba. Alisimama tu, akasema, "Wanangu, dadu kwangu haiingii. Mimi sisemi mnacheza kamari, nasema haiingii." Ni suala la dini yake, na baraza ni lake. Hatukuwa na sehemu nyingine ya kukaa. Dada anaishi chumba kimoja juu ya cherehani yake, kaka mkubwa amepanga mbali, na mimi kwetu tupo tisa.

Tukachukua kopo la Blue Band. Tukakata vikaratasi ishirini, namba 1 mpaka 20, tukakunja. Ukitaka kujua umeweza au la unachomoa kimoja. Na hapa nikaweka kanuni ambayo sasa siwezi kuiacha hata mkinipa dadu ya dhahabu: kikaratasi kilichotoka hakirudi mpaka vyote ishirini viishe.

Unaelewa maana yake? Dadu haina kumbukumbu, kopo linayo. Ukichomoa 18 mapema, umeitumia. Ukifeli mara tano mfululizo unajua zile nzuri bado zimo ndani zinakusubiri, kwa hiyo hukati tamaa. Na kikaratasi namba 1 kama hakijatoka, kila mtu anajua. Kopo likibaki na vitatu na mnyama yupo mbele yenu, watu wanaangaliana kwanza nani aweke mkono.

Mnyama naye ana kopo lake dogo, vikaratasi sita. Vitatu vimeandikwa "hajakuona", viwili "anakutazama", kimoja "anakuja". Vyake tunavirudisha kila zamu, maana mnyama hahesabu. Ila mkipiga kelele, mkiwasha moto, mkibishana, naongeza "anakuja" nyingine. Mbishi mmoja anaweza kuwamaliza wote.

Mama aliangalia kopo, akasema, "Hiyo sawa." Akaanza kukaa karibu na mlango anachambua mchele.

Jumapili moja akatuingilia. Tulikuwa tunabishana wahusika wetu wachanga waanze na mnyama gani. Akasema, "Nyie hamkusimuliwa Shing'weng'we?" Akatusimulia pale pale, ungo mapajani: zimwi limemeza watu wote na mifugo yao, kabaki mwanamke mmoja mwenye mimba. Akazaliwa Masala Kulangwa. Mtoto akikua anaua panzi, anamletea mama, "Ndiye huyu?" "Siye mwanangu." Anaua ndege, siye. Anaua swala, siye. Mpaka siku anaenda kumkuta mwenyewe. Akimpasua, watu wote wanatoka tumboni wazima.

Pwani nao wana ya kwao ya Nunda mla watu, mtoto wa sultani anapanda hivyo hivyo kuanzia wanyama wadogo. Ipo kwenye kitabu cha hadithi za Kiswahili alichochapisha Edward Steere mwaka 1870. Yaani ile ngazi ya kupanda kutoka mnyama mdogo mpaka mkubwa, ambayo watu wa michezo hii wanaiandikia kurasa na kurasa za majedwali, bibi zetu walikuwa nayo kwenye moto wa jioni.

Basi tukaiweka. Kila baada ya mnyama mchezaji anauliza kwa sauti, "Ndiye huyu?" Mimi najibu, "Siye." Na kanuni ya pili tuliyoichukua kwa Mama: aliyemezwa hajafa. Anabaki mezani, anaongea akiwa tumboni, mpaka wenzake wamtoe au washindwe.

Siku mnyama alipokuwa mfupa tu

Sasa nije kwenye kilichonifanya niandike.

Sisi hapa ni watu wa njia ya misafara. Bagamoyo, Tabora, Ujiji. Wanyamwezi walisifika kwa upagazi, mzigo wa kawaida karibu frasila mbili, kama kilo thelathini na kitu, begani, miezi. Kwa hiyo niliposoma kwamba mifupa ya Tendaguru haikupakiwa kwenye gari wala treni, kwamba watu waliifunga kwa mianzi na plasta wakaibeba kwa miguu mwendo wa siku kama nne mpaka bandari ya Lindi, nikaona hiyo ndiyo hadithi. Wahusika wetu wawe wapagazi. Dinosaria awe mzigo.

Kaka mkubwa siku hiyo aliniweka chini kabla hatujaanza. Alisema, "Wewe umeandika kilo. Kilo si kitu. Mzigo siku ya kwanza unakaa begani, siku ya pili mgongoni, siku ya tatu unakaa kwenye magoti. Andika magoti." Nikaandika magoti: siku ya tatu kila ukichomoa unachomoa viwili, unashika kile kidogo.

Siku ya tatu ya safari, mhusika wa yule kijana akashikwa na homa. Hiyo ilitoka kwenye kopo, sikupanga. Nikawaambia kanuni ya msimamizi wa hadithi yetu: anayeacha mzigo njiani halipwi safari nzima. Dada akasema tumbebe huku tumebeba mizigo. Akachomoa, 4 na 11. Akashindwa.

Kaka mkubwa akakaa kimya. Huyu ni mtu ambaye Jumamosi yake anashusha magunia mpaka giza, na ukimpa mkono unasikia kiganja kama gome. Halafu akasema, kwa sauti ya kawaida tu, "Nautua."

Nikamkumbusha halipwi.

"Nautua. Huu mfupa umekaa miaka milioni mia na hamsini, utanisubiri mpaka jioni. Mtoto hatasubiri."

Mama pale mlangoni aliacha kuchambua mchele. Hakuna aliyesema kitu. Nje pikipiki ilipita, ndiyo nikakumbuka kwamba mimi ni msimulizi natakiwa kuendelea.

Tulipomaliza, kaka mkubwa akaniuliza, "Huko Berlin, kwenye huo mfupa, aliyeubeba kaandikwa wapi?"

Nikamjibu ninachokijua. Jina la msimamizi mkuu wa wafanyakazi limebaki, Boheti bin Amrani, mtu hodari aliyeaminiwa na kazi nzito ya uchimbaji. Lakini wafanyakazi walifika mamia, hadi kama mia tano kwa wakati mmoja, katika nchi iliyokuwa imetoka kwenye Maji Maji ya 1905 mpaka 1907 muda mfupi tu. Hao wengi walibaki kuwa idadi.

Akasema, "Kama mimi kwenye karatasi ya lori. Wanaandika 'vibarua sita'."

Kuanzia siku ile kuna kanuni moja kwenye daftari langu ambayo haina mjadala: hakuna mhusika anayeitwa "mpagazi". Kila mbebaji ana jina lake, la baba yake, kijiji alikotoka, na mtu mmoja anayemsubiri nyumbani. Hata wale wa pembeni kabisa kwenye hadithi. Inachelewesha mchezo, ni kweli, tunatumia nusu saa kutaja majina. Marafiki zangu siwataji hapa kwa kuwa wamechagua wenyewe kutotajwa. Wale wa Tendaguru hakuna aliyewauliza.

Watu wanabishana kama yule mrefu arudishwe Tanzania au abaki Berlin. Mimi nina maoni yangu, ila nimejifunza mezani kwamba kuna kitu unaweza kukirudisha leo bila ndege wala mkataba. Ukimwelezea mnyama wa mita 13, mwelezee na mtu wa futi tano na nusu aliyekuwa chini yake na mfupa begani. Ukubwa wa mnyama unauona vizuri hapo.

Ukitaka kuanza kwenu

Tafuta kopo, kata vikaratasi ishirini, usivirudishe mpaka viishe. Chagua mnyama mmoja wa eneo lenu, aliyepo au aliyekuwepo: kiboko, mamba, fisi wa hadithi, dinosaria wa Lindi au Rukwa. Mwandikie anataka nini, anaona na kusikia vipi, na wapi usisimame. Anza na panzi, uliza "Ndiye huyu?", panda taratibu. Aliyemezwa asifukuzwe mezani. Na mbebaji awe na jina. Gharama yake ni kopo tupu na karatasi mbili za daftari.

Jumapili hii tunaanza safari mpya, Rukwa, kumtafuta Mnyamawamtuka. Kijana wa kidato cha pili ameomba awe msimulizi kwa mara ya kwanza, amejaza kurasa sita, na mama yake amemwazima taa.

Haya wadau, dondosheni hapo chini: kwenu kuna mnyama gani mkubwa ambaye watoto wanatishiwa naye, na bibi yako alisemaje kuhusu namna ya kumshinda? Nzuri nitaziingiza kwenye daftari, na jina lako nitaliandika.